Alfajiri Kikohozi Kilipogoma

Mume wangu Hadi hakupata kuita fundi nyumbani kwetu hata siku moja, na nalisema hili kwa kujigamba. Wa kununa na anune. Paa likivuja, alipanda mwenyewe. Mlango ukilegea bawaba, aliukaza mwenyewe. Ukuta ukimeguka, utamwona kavua shati, kakunja kikoi, anakanda udongo kwa miguu huku akiimba. Alikuwa akisema fundi wa kuitwa hukutengenezea ubovu mmoja akakuwekea mwingine, ili umwite tena.

Na gari pia. Lilikuwa gari kuukuu la mizigo, ubavu wake wa mbao, na watoto wa Kisauni walilibandika jina la Kikohozi kwa jinsi lilivyokuwa likiamka asubuhi. Hadi alijifunza mambo ya magari jeshini, vita vya Burma, akiwaendeshea Waingereza malori. Aliporudi akakinunua Kikohozi, nacho kikiwa kimeshazeeka, akawa anabeba nazi na chokaa kutoka mashamba ya huku bara akipeleka mjini kisiwani, ng'ambo ya daraja. Mimi nilianza kwa kumshikia taa. Kisha nikawa nampa spana kabla hajaitaja. Kisha macho yake yakaingia mtoto wa jicho, na kazi zote ndogo ndogo za ndani ya gari zikawa zangu: skrubu, nyaya, plagi, platini.

Platini, kwa asiyejua, ni vichuma viwili vidogo sana vinavyogusana na kuachana ili gari lipate cheche. Vikikaribiana mno haliwaki, vikiachana mno haliwaki. Hadi alinifundisha kupima nafasi yake kwa kipande cha boksi la sigara: kikipita kwa kubanwa kidogo, basi ndipo. Majirani walikuwa wakiniona nimeinama kwenye boneti na buibui langu, wanacheka. "Kuluthum amekuwa fundi gari, jamani!" Nikawajibu, "Ndiyo, nawe ukiharibika njoo nikukaze."

Basi mwaka ule wa mvua kubwa, miaka miwili kabla ya uhuru, alasiri moja nilizitoa platini za Kikohozi, nikazipiga msasa, nikazirudisha. Adhana ya magharibi ikatukuta hatujaliwasha gari kulijaribu. Hadi akasema, "Kesho, inshallah," tukafunga boneti, tukaingia ndani. Alfajiri yake akaanguka akienda kutia udhu. Kiharusi. Mdomo ulimpinda, ulimi haukunyanyuka tena. Vijana wa jirani walizungusha hendeli ya kuwashia Kikohozi mpaka viganja vikachubuka, nacho hakikukohoa hata mara moja. Wakampakia Hadi kwenye mkokoteni, wakamkimbiza kuelekea hospitali ya kisiwani, mvua ikiwapiga. Hakufika darajani.

Watu wakaja, wakanipa pole, wakasema siku yake ilikuwa imefika. Niliitikia kama inavyotakiwa, "Sote njia ni hiyo." Lakini moyoni nilikuwa na swali moja tu, halinipi usingizi wala tonge halipiti. Mkono wa mwisho kuligusa gari lile ulikuwa wangu. Je, nilizifunga vibaya zile platini? Je, mimi ndiye niliyemuua mume wangu?

Nikaingia eda, miezi minne na siku kumi, kama sheria isemavyo. Kwetu sisi kizuka hatoki mlangoni. Hajipambi, hajifukizi udi, hasemi na mwanamume asiye maharimu wake ila nyuma ya pazia. Nyumba ilikuwa yangu, ya marehemu mama yangu, kwa hivyo hapakuwa na wa kunitoa. Lakini Kikohozi kilikuwa nje, kando ya barabara, pale pale kilipogoma. Kila nikisogea kwenye dirisha la mbele nilikiona kinalowa mvua. Hatua ishirini, na singeweza kuzitembea.

Uani nilikuwa na wapangaji, Nicanor na mkewe Philister, Waluo kutoka bara ya mbali. Nicanor alikuwa na kazi katika karakana moja Changamwe. Alitoka na baiskeli kabla ya jua kuchomoza, akarudi limeshatua. Philister alibaki. Pande la mwanamke, kicheko chake kikisikika mpaka msikitini, na Kiswahili chake, subhanallah, kilinikereketa masikio kila asubuhi. Lakini mvua haikujali kama nimefiwa. Wiki ya tatu ya eda paa likatoboka juu ya kitanda changu, nikamwita.

"Philister, mwanangu, unaweza kupanda ngazi?"

"Mama, mimi nilipanda mti kushinda ndugu zangu wote," akasema. "Ngazi ni kitu gani?"

Akapanda na makuti mapya kwapani. Mimi chini, ndani, nikachukua ufito nikausukuma kwenye tundu mpaka ukatokeza juu.

"Waona ufito?"

"Naona, Mama!"

"Basi hapo. Kuti lipitishe chini ya lile la juu yake. Chini! Ukiliweka juu utakuwa unaiteka mvua, unaniletea kitandani."

Tulikwenda hivyo tundu kwa tundu, mimi nachomoza ufito, yeye anafunga. Alipoteremka alikuwa mweusi kwa masizi, anacheka. Jioni ikanyesha, nikalala pakavu. Nikasema kumbe mikono yangu imo uani, ila imepachikwa kwa mtu mwingine.

Mwezi wa tatu wa eda ukikaribia kwisha, akaja Barakat. Huyu ni mdogo wake Hadi, wa baba mmoja mama mmoja, na sitawaficha, nilikuwa simpendi. Alikuwa na tabia ya kulichukua gari la kaka yake bila kuuliza. Unaamka, gari halipo. Linarudi jioni, petroli hamna na ubao umevunjika. Hatukujaaliwa mtoto mimi na Hadi, kwa hivyo katika mirathi fungu kubwa lilikuwa la Barakat. Akakaa barazani, mimi nyuma ya pazia.

"Shemeji," akasema, "nimepata mtu wa Changamwe, hununua magari mabovu akayakata vyuma. Ijumaa ya wiki ijayo atakuja na kamba alivute."

"Na nani aliyekwambia ni bovu?"

"Lingekuwa zima..."

Lingekuwa zima, kaka yake angekuwa hai. Hakulimaliza neno lile, lakini lilinichoma.

"Barakat, nisikilize," nikasema. "Nipe mpaka Ijumaa hiyo. Likiwaka, utaniachia liwe katika fungu langu. Lisipowaka, livuteni muende nalo zenu."

"Nani ataliwasha? Wewe umo ndani."

"Hilo si lako. Wakubali hukubali?"

Akasema, "Haya. Mpaka Ijumaa baada ya swala." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, lakini siku ile sikuwa na huruma ya kuisikiliza.

Msidhani nililililia gari kwa ajili ya gari. Chuma ni chuma. Nilitaka kujua. Likikatwa vipande Changamwe, ningekufa na swali langu. Nilikuwa na siku tisa.

Kesho yake nikamwita Philister dirishani. Nikamwambia, "Tulitengeneza paa. Sasa tutatengeneza gari."

"Mama, mimi sijui gari hata kidogo. Najua kupanda tu."

"Kwani paa ulilijua?"

Akacheka, akavaa shati kuukuu la Nicanor, akaenda akafungua boneti. Mimi nikasimama dirishani, pazia nimelivuta nusu, kichwa nimejitanda. Yeye anapaza sauti kunieleza anachokiona, mimi namwambia la kufanya. Asipoelewa anakuja dirishani, nami nakamata sufuria na kifuniko na vijiko namwonyesha: hii ndiyo hiyo, hii huzunguka hivi, hii hutoka hivi. Watoto wakajaa barabarani. Wapita njia wakasimama. Mmoja akauliza, "Hii gari inatengenezwa na nani?" Philister akamjibu, "Na Mama aliye ndani," akaendelea na kazi.

Tulianza na betri, ilikuwa imekufa kabisa. Nicanor akaifunga nyuma ya baiskeli, akaenda nayo Changamwe, akairudisha siku ya pili imeshatiwa umeme. Kisha petroli, ya zamani ilikuwa imeoza, tukaimwaga, tukasafisha mrija wake kwa pumzi ya Philister, akatema mate nusu saa. Kisha plagi, moja moja. Akazileta dirishani, nikazisugua mwenyewe kwa msasa, nikampa akazirudisha. Kisha tukasafisha hata visivyohitaji kusafishwa. Siku ya sita Philister akaniuliza, "Mama, na hii? Iko kitu hapa kama sufuria ndogo, nyaya tano zinatoka kwa kifuniko."

"Iache hiyo."

"Lakini hatujaigusa."

"Nimesema iache! Husikii?"

Akaenda zake kupika. Ndani ya sufuria ile ndimo zilimo platini. Siku sita nilizunguka gari zima kwa mikono ya watu nisiifikie. Mimi Kuluthum, ambaye sijamwogopa mtu Kisauni nzima, niliogopa kifuniko cha ukubwa wa kikombe. Usiku ule nililia mpaka kifua kikaniuma. Asubuhi nikamwita Philister, nikamwomba radhi, na nikamweleza yote, tangu msasa mpaka mkokoteni. Hakusema ati usijali, wala ni mapenzi ya Mungu. Alisema, "Sasa tufungue, Mama." Akaenda.

"Kuna vibanio viwili ubavuni. Vifyatue," nikamwambia kutoka dirishani. "Inua kifuniko taratibu. Waona nini?"

"Naona vichuma viwili vidogo. Vinabusiana."

"Ndivyo. Mtu wa pili azungushe hendeli kidogo kidogo mpaka viachane."

Akamwita mpita njia akamshikisha hendeli. Vikaachana. Nilikuwa nimempa kipande cha boksi la sigara, akakipenyeza. Mikono yangu ilikuwa imeshika nondo za dirisha kwa nguvu.

"Kinapita?"

"Kinapita, Mama. Kinabanwa kidogo."

"Vina kutu? Vina weusi?"

"Hapana. Vinang'aa."

Nikaketi chini. Nikasema alhamdulillahi. Halafu nikajiuliza, sasa nini? Nikasimama tena, nikamuuliza, "Na juu ya ule mti wa chuma wa katikati kumekaa kidude cheusi, kina kibati cha shaba kichwani?"

"Juu ya mti hakuna kitu."

"Angalia vizuri."

"Mama, ni mti tu. Hakuna kitu."

Kidude kile mafundi hukiita rota. Ndicho kinachozunguka na kugawa cheche. Bila yake zungusha hendeli mpaka kiama, gari halitawaka. Na ukitaka kufanya kazi ya platini, ni lazima ukitoe kwanza, halafu ukirudishe mwisho. Basi ndivyo nilivyofanya, nikasema. Nilikitoa, adhana ikanitia haraka, nikasahau kukirudisha. Nimemuua kwa usahaulifu.

Nikapekua nyumba. Sanduku la spana, kopo la skrubu, chini ya kitanda, mfuko wa buibui nililovaa siku ile. Philister akapekua mchanga wote chini ya gari kwa ungo. Hakuna. Nikakaa ukumbini, nikaanza kuirudia alasiri ile hatua kwa hatua. Nilikitoa, nikamkabidhi Hadi. Nilipomaliza, nikanyoosha mkono bila kutazama, akanipa. Nikakisukuma, kikalia tak! kama kawaida yake. Wallahi nilikisikia. Nilikirudisha. Basi kilitokaje?

Ndipo nikaukumbuka usiku wake. Baada ya isha Barakat alikuja. Siku hizo ilikuwa Mwambao, Mwambao, kila baraza mabishano, wengine wanataka Pwani ijitenge, wengine hawataki, naye Barakat alitaka gari alfajiri apeleke watu kwenye mkutano Likoni. Hadi akamwambia gari bovu, platini zimetolewa. Nikawasikia wanatupiana maneno barazani, sikuyafuata. Barakat alipoondoka Hadi akatoka na tochi. Nilimuuliza waenda wapi, akasema, "Kufunga kitu." Nilidhani ni madirisha ya gari, kwa mvua.

Huko jeshini, Hadi alinihadithia zamani, dereva akiacha gari mahali huondoa rota akaitia mfukoni, asije mtu akaliiba. Alikuwa amefunga gari lake kijeshi, ili mdogo wake asilichukue alfajiri. Na alfajiri, kwa baridi ya mvua, alikuwa amejitupia kizibao chake cheusi, kile kile alichotoka nacho na tochi usiku; basi rota imo mfukoni mwake.

Nguo alizofia mtu kwetu hupewa mwosha maiti. Aliyemwosha Hadi ni Mzee Mwidani wa Kongowea, ambaye ameosha nusu ya makaburi yetu. Nikamtuma Philister mbio. Alirudi na mzee mwenyewe, anahema, fimbo mkononi. Akakaa barazani, nikamwamkia kutoka nyuma ya pazia.

"Shikamoo, Mzee Mwidani."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa unatafuta kitu katika kizibao cha marehemu." Akateremsha sauti. "Nani amekwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Kilikuwamo?"

"Kilikuwamo. Mwanangu, mwosha akiona la maiti hulifunika, ndiyo amana. Nami nililifunika. Nilikifunga katika karatasi nikakichomeka paani kwangu, nisikitupe kikadhuru watu, wala nisikionyeshe wakamsema. Hadi mtu wa swala tano! Nikasema kama alikuwa na kago la mganga, hirizi ya kujikinga, hilo ni lake na Mola wake."

Nikacheka. Miezi mitatu sikuwa nimecheka, na nikacheka mpaka nikajishika ukuta. Kago la mganga! Philister akakipokea mkononi mwa mzee, akakipitisha chini ya pazia, kimezungushiwa karatasi ya sukari, nikakifungua. Rota ya Kikohozi, ina alama ya ufa mdogo ninaoujua. Kicheko kikanigeukia kilio hapo hapo.

Kwa sababu kuna jambo sikuwa nimemwambia mtu, wala sikuwa nimelipa maana. Alfajiri ile, kichwa cha Hadi kikiwa mapajani mwangu na vijana wakihangaika na hendeli, mkono wake mmoja ulikuwa bado una nguvu. Alikuwa akijipiga kifuani. Anapiga, ananitazama, anapiga tena. Nikadhani moyo unamuuma. Nikaushika ule mkono kwa mikono yangu miwili, nikaubana, nikamwambia, "Tulia baba, tulia." Akauchomoa, akapiga tena pale pale, penye mfuko wa kizibao. Nami nikaubana tena, mpaka wakaja kumchukua.

Mzee Mwidani akainamia fimbo yake. Alisubiri nikamaliza, akaniombea dua, akasema, "Nimekuwa mwosha miaka arubaini, nami nitaoshwa. Kila mtu ana lake la kufunikwa." Akaenda zake.

Huzuni ile ilikaa siku moja. Siku ya pili ikageuka hasira, na hasira naijua, tumekua pamoja. Barakat! Kama si Barakat na tamaa yake ya gari la watu, Hadi asingetoka na tochi. Rota ingekuwa mahali pake, Kikohozi kingewaka, na hospitali ni mwendo wa dakika ishirini. Na mtu huyo huyo anakaa kwenye baraza langu kuniambia "lingekuwa zima". Nikayapanga maneno. Nikayarudia jikoni, nikayarudia kwenye mswala, Mungu anisamehe. Nikasema Ijumaa gari likiwaka mbele yake nitampa moja moja, mpaka ajute kuzaliwa.

Ijumaa baada ya swala akaja kweli, pamoja na watu wawili wa Changamwe na kamba ndefu. Nikiwa dirishani nikasema, "Ngojeni." Nikamwita Philister. Alikuwa amesharudisha rota asubuhi. Mlio wake niliusikia nikiwa ndani. Akatema mate viganjani, akashika hendeli, akazungusha. Kimya. Akazungusha tena. Kikohozi kikakohoa. Mara ya tatu kikakohoa, kikatikisika, kikashika, moshi mweusi ukatanda barabarani na watoto wakapiga makelele. Sauti ile, jamani. Kila jioni kwa miaka kumi na mitano nilipoisikia nilijua mume wangu amerudi, nikaweka maji ya kuoga. Mwili wangu haukujua kwamba hayupo. Nilijikuta nimegeuka kuelekea jikoni.

Barakat akawaambia wale watu waende. Akakaa barazani, kofia mkononi. Mimi nyuma ya pazia, na maneno yangu yote yako tayari.

"Shemeji," akasema, "lilikuwa na nini?"

Nikayakusanya maneno yangu. Nilitaka kuanza vizuri. Naye akaendelea.

"Niambie tafadhali. Usiku ule nilimwomba gari, akaniambia bovu. Nilijua ananidanganya. Nikamwapiza, shemeji. Nikamwambia inshallah liwe bovu kweli, likushinde siku ya haja. Nikaondoka, sikumpa hata mkono. Alfajiri likamshinda." Akaigeuza kofia mkononi. "Miezi mitatu hii silali. Nikipita hapa nikaliona, nageuza njia. Ndiyo nikataka likatwe, lisiwepo. Kaka yangu nimemuua kwa ulimi wangu. Au siye mimi? Lilikuwa na nini?"

Nikashika pazia. Nilikuwa na jibu lake, jibu la kweli, zito kuliko apizo. Si ulimi wako uliomuua, Barakat. Ni kukukimbia wewe. Alikuwa na ufunguo wa uhai wake mfukoni kwa sababu yako. Kweli tupu, na ingemmaliza pale pale barazani. Nami nilimjua mtu aliye nje ya pazia lile. Nilikuwa nimelala naye kitanda kimoja miezi mitatu, ndani ya nafsi yangu, mtu anayejiuliza kila usiku kama ndiye aliyeua.

"Platini," nikasema. "Nilizifunga vibaya mimi, ile alasiri, kwa haraka ya magharibi. Apizo lako halimo, Barakat. Ni mimi."

Philister alikuwa amesimama kando ya dirisha, anapangusa mikono. Akafungua kinywa. Nikamkata jicho, akakifunga.

Barakat akalia kama mtoto. Alilia mpaka akamaliza, akajifuta kwa kofia, akashusha pumzi ndefu. Aliposema tena, sauti ilikuwa nyingine.

"Wewe, Kuluthum?" Hakuniita shemeji.

"Mimi."

"Watu walimwambia, mwanamke hapewi gari kutengeneza. Akakupa."

"Alinipa."

"Mungu akusamehe. Mimi sijui kama nitaweza." Akavaa kofia yake, akaondoka, wala hakuaga.

Habari ile haikuchukua wiki kuzunguka Kisauni. Nilipotoka eda, nikaogeshwa, nikavaa nguo yangu ya kwanza ya rangi, waliokuja kunipongeza walikuwa wachache kuliko nilivyotarajia. Harusini nikikaa, jamvi lilinibakia kubwa, peke yangu. Philister alivumilia, akavumilia, mpaka siku moja tukiwa wawili chini ya boneti akatupa spana.

"Mama, kwa nini umejisingizia? Wanakusema vibaya, na mimi najua, na nyamaza hii inaniuma tumbo!"

Nikamwambia, "Hili jambo nililibeba miezi mitatu nikidhani ni langu. Najua lina kilo ngapi. Barakat hangeliweza."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshazoea. Nipe hiyo spana."

Wakati ule ule Barakat mwenyewe akatokea barabarani, anakwenda sokoni na mwanawe. Alikuwa amenenepa kidogo, uso umerudi, anatembea kama mtu anayelala usiku kucha. Aliponiona akageuza uso upande wa pili, akampa mtoto mkono, wakapita. Nilimtazama mpaka wakakata kona, kisha nikainama nikaendelea na kazi.